Akaale na Pumzi za Ndama

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa chombo cha maziwa, Teresia Akaale alisimama nyuma ya mgunga ulio kando ya zizi, mahali ambapo ndama hawakuweza kumwona, akawatazama. Hakuwa na haraka. Ng'ombe walilia kuwaita watoto wao, maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kwenye chuchu, yeye anatazama tu. Alikuwa akisema kwamba ndama akishakuona anakudanganya. Hata aliye mgonjwa akisikia harufu ya maziwa huinua masikio, akajikokota hadi kwa mama yake, nawe ukamhesabu kuwa mzima. Mwone kwanza akiwa hana habari nawe. Hapo ndipo atakapokuambia ukweli.

Ujuzi huo hakuzaliwa nao, wala hakuupata shuleni, maana shule hakuikanyaga.

Alizaliwa mjini Isiolo, kaskazini mwa Kenya, wa wazazi Waturkana waliofika kwa vibarua vya kuswaga ng'ombe, wakakaa. Mume wake, Erot, alikuwa kibarua wa barabara ya Marsabit, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja kwa miezi miwili akiwa amefunikwa na vumbi hadi nyusi. Basi mwaka wa 1975 Akaale akatafuta kazi, akaipata Burat, nje kidogo ya mji, kwa familia ya Hashi.

Hashi alikuwa Msomali wa mjini, mtoto wa askari wa Keya, lile jeshi la wakoloni, mwenye lori la kupeleka sukari na unga hadi Moyale. Mwili wake ulikuwa mkubwa na sauti yake kubwa zaidi. Lakini ng'ombe walikuwa wa mkewe, Sirad. Kumi na wanne wa maziwa, walilala Burat karibu na mto, na Sirad mwenyewe alitoka mtaa wa Chechelesi mjini kila asubuhi kwa mkokoteni wa punda kuja kuchukua maziwa ya wateja wake. Akaale alimwita Mama Ahmednur, kwa jina la kifungua mimba wake. Sirad alimwita Akaale, na siku akiwa na furaha alimwita abayo, yaani dada.

Kazi ya Akaale ilikuwa ndama. Kuwafungulia, kuwafungia, kuwakatia majani, kuwasafishia. Kwa miaka miwili aliifanya kama watu wote walivyoifanya, na ndama walikufa kama kwa watu wote: mmoja leo, wawili mvua ijayo, na watu wakasema ni amri ya Mungu.

Mvua za mwisho wa mwaka wa 1977 zilikuja kwa fujo. Burat ikawa tope tupu. Wakati huo ng'ombe mwekundu aliyenunuliwa kwa Waborana na kuitwa Dimtu alikuwa na mtoto wa wiki tatu, jike, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Sirad alimpenda kupita wote. Asubuhi moja ndama yule akakohoa mara mbili, kikohozi kidogo, kikavu. Jirani mmoja akamwambia Akaale achemshe gome la mti, alichanganye na mafuta ya kondoo, amnyweshe chupa nzima.

Akaale alifanya hivyo kwa moyo wote. Alimbana ndama katikati ya magoti, akamwinua kichwa mpaka pua ikatazama mawingu, akasukuma mdomo wa chupa nyuma ya ulimi na kumimina. Ndama akarusha miguu. Dawa ikatoka puani. Akakohoa, safari hii kikohozi kizito cha maji. Akaale alimpiga-piga mgongoni, akamsubiri atulie, kisha akammiminia nusu iliyobaki.

Kesho yake ndama alikuwa amesimama pembeni peke yake, shingo ameinyoosha mbele, viwiko vimetanuka kama mtu aliyebeba mzigo kwapani. Mdomo ulikuwa wazi. Siku ya tatu, alfajiri, alilala na hakuinuka tena.

Siku hiyohiyo alipita Bwana Yattani kwa pikipiki. Yattani alikuwa Mborana, ofisa wa mifugo, mtu mwembamba asiyesema sana, ambaye suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini mwaka mzima. Sirad alimwomba auangalie mzoga wa ndama, ajue kama ni ugonjwa wa kuwamaliza wengine. Yattani akavua saa, akakunja mikono ya shati, akampasua nyuma ya zizi huku Akaale amemshikia mguu.

Mapafu yalikuwa ya rangi mbili. Juu yalikuwa mekundu hafifu, laini, yanabonyea kama sponji. Chini yalikuwa meusi na magumu kama ini. Yattani akakata koo la hewa kwa urefu, akalifungua kwa vidole. Kisha akamwita Akaale karibu.

“Mama, hii ni nini?”

Akaale aliinama. Ndani ya njia ile nyembamba, katikati ya povu, kulikuwa na vipande vidogo vya rangi ya kahawia.

“Ni gome,” alisema.

“Gome lilitakiwa kukaa wapi?”

“Tumboni.”

“Na hapa ni wapi?”

Yattani hakumkemea. Alimweleza polepole kwamba kichwa cha ndama kikiinuliwa sana, njia ya hewa hubaki wazi, na kinachomiminwa hushuka mapafuni. Kile kikohozi cha kwanza pengine kingepona chenyewe. Akaosha mikono, akavaa saa yake, akampazia Sirad sauti kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, akaenda. Sirad alikuwa upande wa pili akiwapimia wateja wa jirani maziwa, hakuona gome wala hakusikia lolote lingine.

Akaale alikaa pale na ule mguu mkononi. Angeweza kunyamaza. Ofisa ameenda, fisi wangemaliza mzoga, na Mungu angebebeshwa lawama kama kawaida. Alifikiria watoto wake wawili na unga wa mwisho wa mwezi. Kisha akainuka akaenda hadi kwenye mkokoteni.

“Mama Ahmednur, yule ndama nimemuua mimi.”

Sirad alishusha kipimo cha maziwa. Wateja wakageuka. Akaale alisema yote mbele yao, chupa na mafuta na kichwa alivyokiinua, na machozi yalimtoka lakini hakuacha kusema. Alipomaliza, Sirad alimsogelea.

“Nani amekuona ukimnywesha?”

“Hakuna.”

“Kwa hivyo ungenyamaza, mimi nisingejua.”

“Ungejua namna gani?”

Sirad akafunga kifuniko cha kibuyu. “Wallahi, nimekuwa na wachungaji saba,” alisema. “Ndama wangu wamekufa labda thelathini. Hakuna siku hata moja mtu aliniambia kwa nini. Wewe utakaa hapa. Na ukimwona Yattani tena, mshike shati, usimwache aende mpaka akufundishe.”

Basi akamshika shati. Kila pikipiki ilipopita Burat, Akaale alikuwa barabarani na kikombe cha chai. Yattani alikunywa chai na kujibu maswali. Alimwonyesha jinsi pua inavyopanuka ndama anapotafuta hewa. Alimwonyesha kamasi la maji, ambalo si la kutisha, na kamasi zito la manjano, ambalo ni la kukimbilia dawa. Alimfundisha kushika sikio kwenye shina, sio kwenye ncha, maana ncha hupoa kwa upepo. Na alimwambia ahesabu pumzi ubavuni: ndama aliyetulia huvuta kama thelathini kwa dakika, akipita hamsini bila kukimbia wala jua kali, hiyo ni homa ya mapafu, asingoje kikohozi.

Tatizo lilikuwa dakika. Akaale hakuwa na saa, na hata angekuwa nayo hakujua kuisoma. Alilala na jambo hilo siku kadhaa. Kisha asubuhi moja, amesimama nyuma ya mgunga, aligundua kwamba anayo saa tayari, iko kifuani mwake. Alivuta pumzi zake taratibu na kumtazama ndama mzima aliyelala. Yeye moja, ndama mbili. Akajaribu kwa mwingine. Moja, mbili. Akaenda kwa ndama aliyekuwa amenuna tangu jana: yeye moja, ndama nne.

Yattani alipokuja akamwambia, “Huyu ni mgonjwa, ni nne kwa moja.” Yattani hakuelewa. Akaale akamweleza. Ofisa yule alitazama saa yake, akahesabu pumzi za ndama dakika nzima, akapata hamsini na nane. Akamtazama mama yule, akafungua sanduku la dawa. Siku ya tatu ya sindano ndama alikuwa akinyonya na kupiga kiwele kwa kichwa.

Njia hiyo ilikuwa na sharti moja gumu. Mwenye kuhesabu lazima atulie mwenyewe. Akija na hasira au amekimbia, saa yake inakwenda mbio na wagonjwa wote wanaonekana wazima. Kwa hiyo Akaale alijifunza kukaa chini kwanza. Watu waliompita waliona mwanamke aliyekaa kwenye jiwe hafanyi kitu, wakasema Sirad amepata mvivu.

Kusikiliza mbavu alijianzishia mwenyewe. Ndama wakiwa kwenye kivuli, alipiga magoti, akabandika sikio nyuma ya kiwiko, akafumba macho. Wazima walikuwa na sauti ya upepo katika majani. Wagonjwa walikuwa na sauti nyingine: wengine kama ngozi kavu ikikunjwa, wengine kama uji unaoanza kuchemka, na wachache sana hawakuwa na sauti kabisa mahali ambapo inapaswa kuwepo. Hao wa kimya aliwaogopa kuliko wote.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikio halikuweza kulitibu. Kila mvua ilipokuja ndama wa Sirad walikohoa zaidi ya wale wa majirani maskini, ambao walifungwa nyuma ya ua wa miiba tu. Mwaka wa 1979 Akaale alianza kulishuku jengo lenyewe.

Jengo hilo lilikuwa fahari ya Hashi. Fisi waliwahi kuwala ndama wawili kwa wiki moja, naye akaapa. Alileta mabati kwa lori lake, akajenga kibanda cha udongo, akakandika kila ufa hadi juu, akatia mlango wa mbao mzito. Hata panya hakupita. Wageni walipofika Burat, Hashi aliwaonyesha kibanda kabla ya ng'ombe.

Kulikuwa na ndama mmoja mkaidi aliyekataa kuingia humo, akapiga teke kila aliyemsukuma, hadi wakamzoea na kumfunga nje chini ya ukingo wa paa, nyuma ya miiba. Mvua nzima ile ndama wa ndani walikohoa. Mkaidi hakukohoa.

Akaale alingoja hadi ndama wote wameingizwa, akaingia nao, akafunga mlango, akachuchumaa hadi kichwa chake kikawa sawa na vichwa vyao. Huko chini hewa ilikuwa nyingine. Harufu ya mkojo ilipanda ikauma macho, ikachoma koo. Kuta zilikuwa zinatoka jasho. Alikaa mpaka akashindwa, akatoka akipepesa macho, akakaa jua likazama akifikiri jinsi ya kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake ni ugonjwa.

Hashi alirudi safari ya Moyale Ijumaa, akaja Burat baada ya swala ya alasiri, ndama wakiwa wameshaingizwa, amevaa kikoi safi na shati jeupe.

“Salaam aleikum, Akaale! Ndama wako wanasema nini?”

“Aleikum salaam, Mzee Hashi. Wanasema wanaomba mgeni.”

“Mgeni gani?”

“Wewe. Wanaomba uingie ukae nao kidogo. Lakini usikae kama mwenye lori. Uchuchumae, uwe mfupi kama wao.”

Sirad, aliyekuja naye na sasa akikagua vibuyu, akaziba mdomo kwa kitambaa. Hashi alicheka, kisha akaona Akaale hacheki.

“Nichuchumae kwenye mavi? Na nguo hii?”

“Mimi nilikaa humo jana nikashindwa. Labda wewe utaweza, wewe ni mwanamume.”

Hapo Hashi hakuwa na njia. Alikunja kikoi, akaingia. Akaale akafunga mlango. Wakamsikia akinguruma, akimwambia ndama mmoja asogee. Kisha kimya. Kisha kikohozi kimoja, kingine, vitatu kwa mfululizo, na mlango ukasukumwa kwa bega. Hashi alitoka macho mekundu kama pilipili, machozi yakishuka ndevuni.

“Mnawalaza watoto humu?” alimfokea mkewe, kana kwamba kibanda kimejengwa na Sirad.

Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye lori akachukua mtaimbo, akaanza kubomoa ukuta wake mwenyewe juu karibu na paa, upande usiopigwa na mvua, na upande wa pili pia, mpaka upepo ukapita juu ya vichwa vya ndama bila kuwagusa mgongoni. Akaale alimwomba aweke fito nyembamba mahali palipobomolewa, fisi asipate njia. Alimwomba pia mchanga wa mto kwa ajili ya sakafu. Hashi alileta lori zima. Shati jeupe halikuvaliwa tena msikitini.

Tangu hapo mvua zilikuja na kwenda, na ndama wa Sirad walikufa mmoja mmoja kwa mwaka, na mwaka mmoja hakufa hata mmoja. Wanawake wa Burat, Wameru, Waturkana na Wasomali, walikuja kutazama matundu yale wakayachukua kwao. Wengine hawakujua hata jina la aliyeyaanzisha. Walisema tu, “Toboa juu, kama kwa Hashi.”

Kisha ukaja ukame wa 1984. Ng'ombe walikufa njia nzima. Kwa Sirad walibaki watano. Mvua iliporudi mwishoni mwa mwaka ilikuwa baridi na ya ghafla, na ndama waliookoka njaa, ngozi na mifupa, wakaanza kufa kwa mapafu. Yattani alikuja Chechelesi akamwomba Sirad ruhusa.

“Nataka Akaale kwa siku tano,” alisema. “Tunaenda Biliqo. Nina ndama wengi na dawa kidogo. Sindano najua kuchoma. Lakini kuchagua nani achomwe, siwezi kama yeye.”

Walisafiri kwa gari la ofisi mchana kutwa. Asubuhi yake, huko Biliqo kwa Waborana, walikuta ndama thelathini na wanane wamekusanywa ndani ya boma moja, na wenye ndama wamesimama kimya, maana karibu kila mmoja wao alikuwa amebakiwa na wale tu. Dawa ya sindano, ya rangi ya manjano, ilikuwa chupa moja na nusu. Yattani aliwaeleza kwamba inatosha ndama kumi na mmoja, siku tatu mfululizo.

Mzee mmoja aitwaye Kanchoro, mrefu, mwenye kilemba, alisema, “Igawe wote wapate kidogo kidogo. Hapo ndipo pana haki.”

“Mzee, sindano ya siku moja ni kuuchokoza ugonjwa,” Yattani alijibu. “Utawapoteza wote thelathini na wanane kwa haki.”

“Na wa kuchagua ni nani?”

Yattani alimwonyesha Akaale. Kanchoro alitazama shanga za shingoni mwa Akaale, akajua kabila lake bila kuuliza. Alisema kwa Kiborana, polepole, kwamba ng'ombe wake wamewahi kuchukuliwa na Waturkana kwa bunduki, na leo serikali imemleta Mturkana achague waliobaki. Wengine waliguna. Hakujua kwamba Akaale alimwelewa kila neno. Mtu aliyekulia Isiolo hakui na lugha moja.

Moyo ulimdunda Akaale, naye alijua kwamba kwa moyo ule hawezi kuhesabu hata ndama mmoja. Akakaa chini palepale kwenye tope. Watu walishangaa. Alipotulia, alisema kwa Kiborana cha mjini, “Mzee, nipe ndama wako mmoja unayemjua vizuri. Usiniambie lolote. Nitakuambia habari zake. Nikikosea, nitarudi kwenye gari nikae.”

Kanchoro akavuta dume jeusi la miezi minne. Akaale alibandika sikio kushoto, akahamia kulia, akakaa hapo muda.

“Huyu aliugua zamani akapona,” alisema. “Kulia, huku mbele, hewa haipiti vizuri mpaka leo. Lakini sasa hana ugonjwa. Usimpe dawa.”

Mke wa Kanchoro ndiye aliyejibu, kutoka nyuma. “Wakati wa njaa alikohoa mwezi mzima. Nilimlaza ndani na mimi.”

Kanchoro akatoka njiani.

Akaale alianza kazi asubuhi ile akamaliza jua likiwa limeinama. Alimtazama kila mmoja kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kwa sikio. Ugomvi ulikuja mara moja tu, tena na Kanchoro yuleyule, aliyekuwa na mtamba mzuri, mnene kuliko wote, anayekohoa hadi anatikisika.

“Huyu humsikii? Dunia nzima inamsikia!”

“Namsikia, mzee. Ana pumzi mbili kwa moja, sikio lake limepoa, na sasa hivi ametoka kunyonya. Anayekohoa hivyo bado ana nguvu za kukohoa.” Akageuka, akamwonyesha ndama mdogo wa kijivu aliyesimama kando ya ua, masikio yameanguka, hatoi sauti yoyote. “Yule ndiye anayekufa. Ni wa nani?”

Alikuwa wa Kanchoro pia. Mzee alitazama mmoja, akatazama mwingine. “Mchome yule,” alisema.

Yattani akachoma kumi na mmoja. Siku tatu Akaale alilala kwa mke wa Kanchoro, na mchana aliwafundisha wanawake kuwakausha ndama kwa majani makavu, kuwapa maziwa kidogo mara nyingi badala ya mengi mara moja, na kutowanywesha kitu chochote kwa chupa. Siku ya nne tisa kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wakitembea, na yule wa kijivu alikuwa mmojawapo. Wawili walikufa. Watatu aliowaacha kwa kuwa walikuwa wameshapita msaada walikufa pia, na wenye ndama hao alikuwa amewaambia mapema.

Lakini alikufa mmoja zaidi, ndama wa mjane mmoja, ambaye Akaale alimhesabu mzima. Hakungoja kuulizwa. Kabla ya kupanda gari alikwenda hadi kwa mjane yule.

“Kwa wako nilikosea, mama. Alikuwa mgonjwa, nami sikumsikia.”

Mjane alikuwa ameshalia vya kutosha. Alimshika mkono tu. Kanchoro aliyekuwa amesimama hapo aliwaambia wanawe wampe mjane yule mbuzi wa maziwa, kisha akamfungulia Akaale mlango wa gari kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo Yattani alilisimulia Isiolo kwa miaka.

Mwaka wa 1987 Yattani alihamishwa, na mahali pake akaja ofisa mpya, Bwana Gedi, aliyesoma Nairobi, mwenye koti jeupe na chombo cha kusikilizia kifua shingoni. Alikuwa amesikia habari za mama wa Burat asiyejua kusoma, na hakuzipenda sana. Alifika asubuhi moja wakati Akaale ana ndama mwenye homa. Kwa Sirad ng'ombe walikuwa wameongezeka hadi tisa, wawili kati yao wa Akaale mwenyewe, zawadi ambayo Sirad alimpa bila maneno mengi, na huyu alikuwa mtoto wa mmojawapo.

Gedi alipiga magoti upande wa kushoto na chombo chake. Akaale alikuwa kulia na sikio lake. Walisikiliza pamoja, ndama katikati yao.

“Mapafu yanapitisha hewa,” alisema Gedi.

“Hamia huku,” alisema Akaale. “Shuka. Mbele zaidi, ndani ya kwapa.”

Gedi alizunguka, akaingiza chombo mahali alipoonyeshwa, akakunja uso. Hapo hewa haikupita. Kisha akatoa vile vya masikioni, akavipangusa kwa koti, akamkabidhi Akaale. Akaale alivivaa. Alisikiliza kushoto, kulia, juu, chini, akitabasamu kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu kwenye redio.

“Kinasikia vizuri kuliko mimi,” alisema akimrudishia. “Lakini joto la ngozi hakisikii. Tumia vyote viwili.”

“Mama,” Gedi aliuliza, “wiki ijayo nina mkutano wa wafugaji hapa Burat. Utakuja kusimama na mimi?”

“Nitakuja nikimaliza kukamua,” alisema Akaale, akamshika ndama shingo iwe tayari kwa sindano.